Bibi Ndani ya Wimbo wa Halowini

Mwaka jana nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi. Rafiki zangu walifanya sherehe ya Halowini kwenye nyumba moja ya mtaa wa Qurum, nikapewa jukumu la muziki. Nilikusanya hip-hop za kutisha, za makaburi na mizimu, kisha nikatamani niwe na wimbo wangu mwenyewe. Nikamrekodi bibi, mama yake mama, akihadithia habari za zimwi.

"Wanitia kwenye ngoma ya mashetani, mjukuu wangu?" aliniuliza, akacheka mpaka akakohoa.

Kwenye kompyuta niliishusha sauti yake ikawa nzito, kama ya mtu aliye ndani ya kisima, nikaifunika kwa ngoma na besi, nikahifadhi wimbo mzima tu. Rekodi ya mwanzo niliifuta ili nipate nafasi kwenye simu.

Bibi alifariki Ramadhani iliyofuata. Baada ya arubaini mama alinambia nimtumie ile hadithi. Wiki nzima nilijaribu kuirudisha sauti ilivyokuwa, na kila iliposhindikana nilitunga udhuru mpya, nikaupima, nikauacha. Mwishowe nilimwekea wimbo wenyewe, sebuleni kwetu Azaiba, baada ya chai ya alasiri.

Aliusikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni. Nilimuuliza kama nimtumie.

"Usinitumie, mwanangu," alisema. "Ntamzoea huyu, mwisho nimsahau mama yangu."