Skafu ya Madam Nora

Kabatini mwangu kuna kopo la biskuti lililoanza kushika kutu, na ndani yake kipande cha udongo mweusi, mkavu, mwepesi kuliko unavyodhani unapoutazama. Mara mojamoja, hasa masika nyumba inapojaa unyevu, nakwangua chembe kidogo na kuiweka juu ya makaa kwenye chetezo. Moshi wake haufanani na wa udi. Unanukia majani ya kale, mvua, na jiko la mtu asiye na kitu. Mama yangu, ambaye siku hizi magoti yanamsumbua na hatoki sana chumbani, akiupata moshi ule husema kutoka huko ndani, "Madam Nora amekuja."

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa ameshafariki, na Mama alikuwa amenichukua kwenda naye Guangzhou, tukipanga vyumba viwili ghorofa ya nne, mtaa wa Xiaobei. Kazi yake ilikuwa kununua nguo kwenye soko la jumla la Shisanhang na kuzituma Dar es Salaam kwa dada yake mwenye duka Kariakoo. Mchana nilikaa juu ya marobota nikichora, au nikimsaidia kukamata kamba. Hali hiyo haikumfurahisha. "Mtoto halelewi na marobota," alisema. Palikuwa na shule moja ndogo ya wageni iliyofundisha kwa Kiingereza, nayo ilipokea watoto wapya mara moja tu kwa mwaka, kwa usaili. Nikipita, ningebaki naye. Nikikosa, ningerudishwa kwa shangazi yangu Tanga, na Mama ningemwona atakapopata safari. Shangazi alikuwa mtu mwema, sina neno naye, lakini kila nikisikia jina la Tanga nilijificha nyuma ya marobota.

Ndipo Mama alipompata Mwingereza wake. Alikuwa Madam Nora, bibi wa Kizungu, mwembamba, nywele nyeupe, aliyefundisha chuo kimoja pale mjini na kuishi ghorofa ya sita ya jengo letu. Walikutana ngazini, bibi akasalimia kwa Kiingereza, na Mama akawa ameshakata shauri. Kwetu, kila mzungu anayezungumza Kiingereza ni Mwingereza mpaka athibitishe vinginevyo, na Mama hakumpa nafasi ya kuthibitisha. Walikubaliana anifundishe kila Jumamosi, naye Mama ampelekee chakula. Akishuka Tianxiu, kwenye ofisi za wasafirishaji mizigo, Mama alitangaza kwamba binti yake anafundishwa na Mwingereza orijino. Neno hilo lilikuwa na uzito wake katika mji ule ambao kila kiatu kilikuwa na pacha wake wa bandia.

Hata fomu ya shule tuliijaza hivyohivyo. Palipoulizwa mwalimu wa mtoto ni nani na anatoka wapi, aliniambia niandike kwa herufi kubwa: Mwingereza. Mkuu wa shule, mama wa Kichina mwenye miwani na sauti ya taratibu, alituambia siku tulipoipeleka kwamba fomu yenye uongo huwa anaitupa. Mama alimwitikia bila wasiwasi wowote, maana hakuwa amedanganya.

Idd mwaka ule iliangukia kwenye baridi ya Januari, baridi ya nyumba zisizo na moto, inayokufuata mpaka kitandani. Mama alitaka kumpa Madam Nora zawadi ya heshima. Tulizunguka Shisanhang asubuhi nzima, wauzaji wakituita pengyou, rafiki, na wakimwita Mama laoban, tajiri, mpaka akaiona: skafu ya sufu, nene, iliyofumwa bendera ya Uingereza yote kamili, nyekundu, nyeupe na buluu. Aliishika, akainusa, akaivuta kupima nyuzi. Sijamwona Mama akinunua kitu kwa furaha namna ile.

Siku ya Idd alikuja Madam Nora, na alikuja Anko Massawe, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, mtu wa Moshi aliyenunua redio za kwenda kuuza, mwenye utani usiochagua wakati. Tulikula pilau juu ya mkeka. Tulipokwisha kunawa, Mama akatoa kifurushi. Madam Nora alikifungua, akaikunjua ile skafu mapajani, akaitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotazama skafu. Akasema ina joto zuri. Kisha akaanza kuikunja tena, polepole, bendera ikiwa kwa ndani.

Anko Massawe aliniambia nimwambie aivae, ni bendera yake hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, nikafikisha. Madam Nora akanijibu, nami nikatafsiri kama nilivyosikia, bila kujua nabeba nini mdomoni:

"Anasema si bendera yake. Anasema yeye ni mtu wa Ayalandi, na baba yake alifungwa jela akipigana na bendera hii."

Mama alibaki na kitambaa cha mikono hewani.

"Basi, Mama Zuhura," Anko Massawe akasema, "umeuziwa kopi." Akacheka peke yake, halafu akaacha.

Wiki mbili sikupandishwa ghorofa ya sita. Mama aliona haya, na haya yake siku zote ilivaa nguo za hasira. Mara alilaumu skafu, mara alinilaumu mimi kwa kutomuuliza mwalimu wangu kabila lake. Lakini nilijua kinachomkosesha usingizi ni ile fomu. Kumbe tuliandika uongo, na fomu yenye uongo hutupwa. Kuirudia kurekebisha aliogopa, asije akaamsha aliyelala.

Aliyevunja ukimya ni Madam Nora mwenyewe. Jioni moja alibisha hodi, kopo la biskuti mkononi. Alikuwa akisikia harufu ya udi wetu tangu alipohamia, akataka kuomba nafasi kidogo kwenye chetezo. Akatoa kipande cha udongo mweusi. Kwao, alisema, watu hukata udongo wa kinamasi kama matofali, wakaanika, wakapikia. Mama alimsogezea makaa. Moshi ulipoinuka, yule bibi alifumba macho, na Mama, ambaye hakuwahi kumwona mzungu akikumbuka kwao, akaenda kuchemsha chai ya tangawizi. Jumamosi iliyofuata nilirudi darasani.

Tangu hapo masomo yalibadilika. Vitenzi vya wakati uliopita vilikuwa vimenishinda, kwa hiyo akanifundisha kwa maisha ya baba yake, kila Jumamosi kipande. Baba yake alikuwa mtoto wa mhunzi. Alificha barua ndani ya tairi la baiskeli. Alilala kwenye mabanda ya ng'ombe, akakimbia askari, akakamatwa, akafungwa, akakataa chakula mpaka meno yakalegea. Mpaka leo nikitumia kitenzi cha kujificha kwa Kiingereza, nasikia harufu ya ng'ombe.

Kisha vita vikaisha, na hapo ndipo mimi nilitaka hadithi iishe. Haikuisha. Waliletewa mkataba uliowapa sehemu kubwa ya nchi lakini si yote, na uliwataka kula kiapo cha uaminifu kwa mfalme yuleyule wa Uingereza. Baba yake aliukubali. Kaka yake, waliyelala naye banda moja, aliukataa, na wakapigana wao kwa wao. Nilipomsimulia Mama, alitikisa kichwa akasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikampelekea Madam Nora methali hiyo, naye akaiandika kwenye daftari lake.

Baadaye baba yake aliingia bungeni, akawa waziri. Akaenda London na kofia ndefu ya kuazima, kutafutia soko ng'ombe wa wakulima wake, na mtu aliyemnyooshea mkono mezani alikuwa ofisa wa zamani wa jela yake. Akaupokea. Picha ikatoka gazetini. Kaka yake hakukanyaga tena nyumbani kwao mpaka siku ya mazishi ya baba. Hata Nora, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikataa kumsalimia baba yake kwa siku kadhaa. Nilimuuliza baba alisemaje. Alisema baba alivua viatu tu, akakaa karibu na moto.

Februari ikiishia, kuta zikaanza kutoa jasho kama kawaida ya mji ule, na siku ya usaili ikafika. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mama alikuwa amepanda ghorofa ya sita kuungama habari ya fomu, akarudi macho mekundu bila kuniambia lolote. Asubuhi Madam Nora alitusubiri chini ya ngazi. Shingoni alikuwa amevaa ile skafu, bendera yote nje.

Mkuu wa shule aliniomba nisimulie kisa chochote, kwa wakati uliopita. Kichwani mwangu hakikuwamo kisa kingine. Nikasimulia mtu aliyejificha kwenye banda la ng'ombe, na barua ndani ya tairi, na askari wakimtafuta. Vitenzi vilitoka vyote, vimenyooka.

"Askari wa wapi?" akauliza.

Niliitazama skafu. Nikasema walikuwa askari wabaya.

Mkuu wa shule alitabasamu, akaifungua fomu yetu, akapitisha kidole mpaka kwenye mstari wa mwalimu. Akamgeukia bibi yule.

"Na wewe, Madam, ni Mwingereza?"

Niliona mkono wa Mama ukishika pindo la buibui. Madam Nora hakuharakisha. Aliushika mwisho wa skafu, kama mtu anayeshika kitasa cha mlango.

"Ndiyo," alisema.

Tulipotoka barabarani, Mama alilia waziwazi, watu wakipita na baiskeli zao. Alitaka kuomba radhi, Kiingereza chake cha sokoni kikamgomea, akabaki anaita tu, Madam, Madam. Madam Nora aliivua skafu, akaikunja bendera ndani, akaitia mkobani, akatuambia twende tukanywe chai.

Mimi nilinuna. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba mtoto hadanganyi. Siku tatu sikumsalimia. Hakuniuliza sababu. Jumamosi alinifungulia mlango kama kawaida, birika likiwa tayari jikoni, tukaendelea na vitenzi. Nilipokelewa shule, nikabaki kwa Mama miaka yote ile, na Madam Nora alipostaafu kabisa akarudi kwao, aliniachia lile kopo.

Nilikuja kuelewa mimi mwenyewe nilipopata mtoto na kumpigania mahali pa kukaa karibu nami. Baba wa Madam Nora aliupokea mkono ule kwa ajili ya ng'ombe wa watu wengine, akampoteza kaka yake. Binti yake, aliyemnunia kwa sababu hiyo, alibeba bendera ileile shingoni kwa ajili ya mtoto wa jirani, na malipo aliyopata ni mtoto huyo kumnunia. Laiti ningemwambia asante wakati bado anaweza kuisikia.

Mama hajawahi kuzungumzia siku ile. Ila hadi leo, mtu akipita kibarazani na kusema amemwona Mwingereza fulani sokoni, hata kama maongezi ni ya watu wengine, Mama hupaza sauti kutoka chumbani.

"Umemuuliza?"