Sauti ya Gari la Baba

Gari la marehemu baba lilikuwa likinywa petroli kupita kiasi. Moshi ulitoka mweusi na plagi zilijaa masizi. Vitabu vilinifundisha kwamba kabureta ilikuwa ikimimina mafuta mengi mno kwa hewa iliyoingia, na dawa ni kukaza skrubu moja ndogo.

Niliikaza kwanza hadi mwisho, nikihesabu: mizunguko mitatu na nusu. Kitabu kilitaka ilegezwe mzunguko mmoja na nusu tu. Baba, dereva wa polisi, aliilegeza hivyo makusudi, ili gari liwake mara moja siku ya kukimbia vita. Tulikimbia kutoka mtaa wetu wa Kyebando mara mbili, na mara zote liliwaka. Nilisita, kwani mkono wa mwisho kuigusa kabla ya wangu ulikuwa wake. Kisha nikafuata kitabu.

Injini ikanguruma laini. Mama akatoka jikoni mbio.

“Nani huyo kaja na gari?”

“Ni mimi, mama. Ni lile lile la baba.”

“Wacha uongo. Lake nalijua hata nikiwa usingizini.”

Kabla ya siku ile, kila asubuhi nilipoliwasha, mama alikuja mlangoni kulisikiliza. Sasa haji.