Damu ya Mlimani

Jongoo hakupewa jina hilo kwa uvivu. Mbio za mita elfu kumi huzianza nyuma kabisa, watazamaji wakimcheka, kisha huwapita wenzake mmoja mmoja mpaka watazamaji wajicheke wenyewe kwa aibu. Kazi yake ni kushona sare za shule, lakini roho yake iko kwenye riadha. Jumamosi hii timu ya taifa ilikuwa inachaguliwa, na kwa mwanamke wa umri wake, kungoja nafasi nyingine ni ndoto za mchana.

Kocha alikuwa amempeleka kambini milimani karibu mwezi mzima. Huko juu hewa ni haba, kwa hiyo mwili hulazimika kuongeza damu ili pumzi itoshe. Ukishuka na damu hiyo, unakimbia bila kuchoka upesi. Siku za mwanzo alihema hata kwa kufunga kamba za viatu, kichwa kikimgonga. Mwishowe mwili ukakubali, akashuka Alhamisi asubuhi akijisikia mpya.

Hajafungua hata begi, shemeji yake akapiga simu kutoka wodi ya wazazi. Mdogo wake Jongoo amejifungua, mtoto mzima, lakini mama damu haikomi kumtoka, na hospitali imeishiwa damu ya kundi lake. Kundi la Jongoo ndilo hilo hilo.

Njiani alimpigia kocha, akitumaini kuambiwa nini, hata mwenyewe hajui.

"Ukitoa damu, mwanangu, mlima wote umeuacha kwenye huo mfuko," kocha alisema. "Lakini mimi sikwambii usitoe."

Mlangoni mwa maabara alisimama. Aliwaza kwamba labda atatokea mtu mwingine, na wazo hilo likamtia aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Akaingia.

Mpimaji alimtoboa kidole, akapima, akapima tena. "Dada, unakula nini wewe? Damu nzuri hivi siioni kila siku."

Alilala, akakunja ngumi, akautazama mfuko ukijaa. Aliogopa kwa ajili ya mdogo wake, akaiogopa na Jumamosi.

Jioni mdogo wake alifumbua macho, rangi imeanza kurudi midomoni. Hakuna aliyemwambia damu imetoka kwa nani. Alimshika dada yake mkono.

"Jumamosi usiniangushe, dada. Nimeshamwomba nesi aniletee redio."

Jongoo alishusha mkono wa sweta ukafunika plasta.

"Usiizime mapema," akasema. "Unajua mimi huanza nyuma."