Ua la Mama na Nyama ya Ntheo

Siku ya ntheo yake, dada yangu mkubwa alinishika kiwiko jikoni na kuniapisha nisiulize swali lolote mpaka wageni waondoke.

"Hata moja," alisema. "Hata la saa. Ukitaka kujua ni saa ngapi, angalia jua."

Alikuwa na sababu. Wazee wa upande wa kijana aliyemchumbia walipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya mgomo, nasi wanafunzi tumetawanywa makwetu na kuamriwa kuripoti kwa chifu kila wiki. Mtu aliyezoea kubishana bwenini mpaka koo likauke hawezi kurudi kwetu Kilungu akatulia tu akichambua maharagwe. Nilimuuliza mjomba wa kijana kwa nini mbuzi wa ntheo ni watatu na si wanne, na kama msichana akisoma zaidi idadi inapanda au inashuka. Mjomba alimaliza chai yake yote, kisha akajibu kwamba maji ya milimani kwetu ni matamu. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alifunga mkutano kwa sala ndefu iliyohusu ulimi.

Kwetu Wakamba, ntheo ndiyo ndoa yenyewe. Kanisani mtaenda baadaye, na picha mtapiga, lakini mbuzi mmoja asipochinjwa nyumbani kwa msichana na nyama yake kuliwa na pande zote mbili, wazee hawahesabu kwamba ameolewa. Baba alikuwa amefukuza pombe ya asali katika sherehe zetu na kuweka soda mahali pake, lakini desturi ya mbuzi hakuthubutu kuigusa. Kwa hiyo siku hiyo dada alitaka kitu kimoja tu duniani: ile nyama iliwe.

Sasa nieleze juu ya ua.

Mama alipenda maua kuliko mtu yeyote ninayemjua. Veranda yetu ilijaa mikebe ya mafuta ya kupikia, madebe, hata sufuria iliyotoboka, na kila kimoja kilikuwa na kitu kinachochipua. Akina mama wa kanisa walipotembeleana walirudi na vipande vya mimea wamefunga kwenye pindo la leso. Ndivyo mama alivyopata kiazi cha ua hilo. Mwenzake aliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba moja ya Nairobi yenye bustani kubwa alimletea, akamwambia ni ua la kizungu la aina yake. Alimpa chote, hakujibakizia hata kipande, na akaondoka bila kungoja chai. Hapo ndipo tulipopaswa kuuliza maswali.

Kiazi kilifanana na nduma tunazopanda kule bondeni mtoni, na kweli ni ukoo mmoja. Kilitoa jani moja tu, juu ya shina lenye madoa kama nyoka. Jani likafa. Likatoka jingine, likafa. Baba alishauri kichemshwe kiliwe na chai. Mama alikataa, akaendelea kukimwagilia maji ya kuoshea mboga. Mwaka ule wa ntheo kikatoa, bila jani lolote, kitu kirefu kilichojikunja kama mwavuli. Mama akaamua kwamba Mungu amekipangia siku ya ntheo.

Asubuhi hiyo kabla wageni hawajafika, alilibeba debe mwenyewe na kuliweka kwenye kona ya sebule, juu ya stuli kando ya redio. Ua lilikuwa bado limejifunga. Akalifunika kwa kitambaa cheupe alichokishona kwa mkono, kusudi alifunue baada ya chakula na wakwe wapate kushangaa. Kisha akaenda jikoni, ndani ya moshi, na hakutoka tena. Hilo nalo ni desturi. Kati ya mama na mkwewe kuna nthoni, yaani haya na heshima kubwa: hawakai chumba kimoja, hawatazamani, na hakuna anayesema neno la kumwaibisha mwenzake.

Wageni walipanda kijia na mbuzi wao, nyimbo zikaimbwa, mmoja akachinjwa nyuma ya nyumba. Jua lilipofika utosini, bati likaanza kulia kwa joto, na mimi nikaingia sebuleni na glasi za soda. Nikakutana na harufu mlangoni.

Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa. Nilitazama nyuso. Wazee walikuwa wameketi wima, wamebana midomo. Kijana wa dada alikuwa akitazama vidole vya viatu vyake. Mjomba wake, yule wa mbuzi wanne, alipumua kupitia leso na kusema, "Nyumba hii ina hewa safi sana." Baba akajibu, "Tunashukuru."

Nthoni ilikuwa imetushika sote shingoni. Mgeni hawezi kumwambia mkwe kwamba nyumba yake inanuka. Mwenyeji naye hawezi kumwambia mgeni kwamba mbuzi wake alikuwa mgonjwa, na hilo ndilo shangazi yangu alilokuwa akinong'ona jikoni.

"Walimleta anatembea ili tusijue," alisema. "Nimenusa pale dirishani. Yule mbuzi alikufa juzi."

"Amekufa juzi na amepanda mlima leo?" nilitaka kuuliza. Dada alinitazama.

Nje, chini ya ukuta, nilisikia vijana wa upande wa pili wakisema kwamba sisi tumeficha nyama yao na kupika ya wiki iliyopita.

Nyama ikapelekwa, sinia mbili, ya kuchoma na ya kuchemsha. Baba akaombea chakula. Tukasema amina. Hakuna mkono uliosogea.

"Karibuni," baba alisema.

"Tumeshiba," mjomba alisema, mtu ambaye alikuwa ametoka kwake alfajiri.

"Basi anzeni nyinyi wenyeji," mzee mwingine wa kwao alisema.

"Hapana, mgeni kwanza," baba alisema.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya kunawa. Nyama ilikuwa ikipoa, mafuta yanaganda pembeni mwa sinia, na mzee mmoja alishaanza kutafuta fimbo yake. Nikaona machozi yamekaa kwenye kope za dada yangu, hayajaamua kuanguka. Wakati huohuo niliona kitu kingine. Juu ya sinia hapakuwa na nzi hata mmoja. Wote walikuwa pale konani, wamekifanya cheusi kile kitambaa cheupe cha mama. Nilimwonyesha dada kwa kidevu.

Alitazama nzi, akatazama sinia, akanitazama mimi.

"Uliza," alinong'ona.

Nikauliza, kwa sauti, mbele ya koo mbili: "Kuna mwingine anayesikia harufu, au ni mimi peke yangu?"

Kisha nyanya wa kijana, susu kama tunavyosema kwetu, mdogo wa umbo aliyekuwa amezama ndani ya kochi, akatoa pumzi ndefu.

"Asante, mjukuu wangu. Mimi nilidhani ni uzee, nimeanza kuoza nikiwa hai."

Nilikivuta kile kitambaa. Nzi wakapaa. Ua lilikuwa limefunguka lote, rangi ya maini, na ulimi mrefu mweusi umesimama katikati.

Mama alisikia kishindo cha viti akaja mbio na mwiko mkononi. Alipotokea mlangoni, kijana wa dada alijigeuza akatazama ukuta kwa heshima, na akabaki hivyo mpaka mwisho.

"Ni ua," mama alisema.

"Hili?" susu aliuliza. "Na nani amefia ndani?"

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, halafu baba, na nthoni ikatoka dirishani pamoja na ile hewa safi. Vijana wawili walilibeba debe, nyuso wamegeuzia pembeni, wakalipeleka karibu na zizi. Mbuzi wawili waliobaki walivuta kamba mpaka mwisho wake. Dada akapitisha maji, watu wakanawa mikono, na nyama ikaliwa mpaka mifupa ikawa myeupe. Shangazi alikula kuliko wote.

Wakati wa kuondoka, susu alimwomba mama kipande cha kiazi. Alikuwa na jirani aliyejua saa zake zote za chakula na hakukosa hata moja.

Kesho yake harufu ilikuwa imekwisha kabisa. Mama alinipeleka zizini, akaniinamisha juu ya debe. "Nusa. Sema sasa." Nilinusa. Lilikuwa ua tu.

Miaka kadhaa baadaye, wazee wa upande fulani walipotuma habari kwamba wangekuja kuniposa mimi, mama alinitania kwamba safari hii ataliacha ua verandani. Nikamwambia aliweke sebuleni, alifunike vizuri. Nilitaka kuona kama huyo kijana angeuliza.