Tamthilia Niliyoisifia Bila Kuiangalia

Nina miaka kumi na kitu nauza filamu Mpanda, jirani na soko. Kuuza kwenyewe siku hizi ni kunakili tu. Mtu analeta flashi, anataja anachotaka, nachomeka kwenye kompyuta, namwekea. Kazi si nzito. Kinachonichosha ni maoni.

Watu hawaji kuchukua filamu tu, wanakuja kuishtaki ile waliyochukua wiki iliyopita. "Dada, msimu wa pili wamezingua." "Dada, stelingi gani anakufa kwa risasi moja?" Bodaboda mmoja wa Majimoto aliwahi kunishikilia asubuhi nzima akinieleza kwa nini adui alikuwa na haki kuliko stelingi, na abiria wake yuko pale nje anamsubiri. Kabla ya kuondoka wote huuliza swali lile lile: "Na hii nayo ikoje?"

Zamani nilikuwa naangalia kila kitu, najibu kwa haki. Nilipomuuguza mume wangu mpaka nikamzika, nikashindwa kukaa mbele ya kioo cha kompyuta nikitazama watu wanaigiza kulia. Nikaacha. Lakini sikuacha kujibu. "Kali sana hiyo," nilikuwa nasema, macho yakiwa kwenye simu. "Utanishukuru."

Kati ya wateja wangu yumo mama mmoja wa Katumba, mtu mzima wa miaka hamsini na kidogo. Wazazi wake walikimbia Burundi, yeye kazaliwa hapa hapa. Huleta maharage sokoni kila Jumamosi, akimaliza hupitia kwangu, flashi ameifunga kwenye pindo la kitenge. Maoni yake hayakufanana na ya mtu mwingine. "Nyumba kubwa vile, nani anafagia?" Au: "Vipindi arobaini, hakuna hata mmoja aliyeshika jembe. Wanakula nini hawa?"

Alikuwa akiangalia na mama yake mzazi, bibi ambaye Kiswahili hakikumkaa vizuri. "DJ wa kwenye filamu anatafsiri kwa Kiswahili, mimi namtafsiria mama kwa Kirundi," aliniambia. "Ikimfikia yeye imeshakuwa sinema nyingine."

Jumamosi moja akaomba kitu kipya kisicho na mambo ya aibu, maana wajukuu nao hukaa hapo hapo. Nikapitisha macho kwenye orodha, nikaona picha ya watu wamesimama mbele ya nyumba yenye maua.

"Chukua hii, mama. Ya familia. Nzuri mno, mimi nimeimaliza."

Jumamosi mbili zikapita hajaonekana. Ya tatu akaja, akakaa kwenye benchi mpaka wateja wote wakaisha.

"Uliiangalia ile?"

"Niliiangalia, mama."

"Sehemu gani ilikuuma?"

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu, na yeye ananitazama tu, hana haraka.

"Sikuiangalia," nikasema.

Hakunigombeza. Akanisimulia kwa sauti ya chini kwamba vipindi vitatu vya kwanza vilikuwa vya harusi na ugomvi wa mawifi, wajukuu wanacheka. Cha nne, vita ikaingia. Familia ikakimbia. Mwanamke mmoja akafika kwenye mto na mtoto mgongoni, na kipindi kikaishia pale.

"Mama aliinuka akatoka nje, akakaa jikoni. Siku tatu hakusema na mtu. Chakula ukimpa, anampa mjukuu."

"Nisamehe, mama."

"Sikuja kwa hilo. Siku ya nne amefungua mdomo. Anauliza yule mtoto amevuka au hakuvuka." Akaiweka flashi mezani. "Naogopa kumfungulia bila kujua. Angalia wewe kwanza, unieleze. Siyo ile 'kali sana' yako."

Basi nikaangalia. Wiki nzima, vipindi ishirini na sita, mchana, katikati ya wateja. Mahali fulani mume wa yule mwanamke anaugua, mke anamgeuza kitandani, na ikanibidi nisimamishe, nikatoka nikasimama kwa muuza vitumbua bila kununua kitu. Nikarudi nikaendelea. Sikuwa na hamu, nilikuwa kama mtu anayemalizia palizi ya shamba la mwenzake.

Baada ya mto, hadithi inaruka miaka. Mwanamke yuko mjini, ana nyumba, ana mume mpya na watoto wengine wakubwa. Yule wa mgongoni hatajwi tena. Nikarudisha nyuma nikidhani kuna kipande kimekatwa. Nikampigia kijana wa Dar anayenitumia mzigo.

"Kamili hiyo, dada," akasema. "Watu wote wanalalamikia hapo hapo. Mwandishi alimsahau."

Jumamosi nikamweleza mama wa Katumba. Akarudia taratibu, "Wamemsahau," kama anayelionja neno. Halafu akasema, "Njoo umwambie mwenyewe. Mimi nitatafsiri, lakini lisitoke kwangu."

Jumapili baada ya ibada nikapanda bodaboda mpaka Katumba. Bibi alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage. Mdogo wa umbo, miguu ameinyoosha. Nikamsalimia, nikakaa, nikamwambia ukweli: hawakuonyesha. Wamemsahau mtoto. Bintiye akatafsiri.

Bibi akaendelea kupukuchua. Maganda matatu, manne. Kisha akaanza kuongea, na nikashangaa, kwa sababu alikuwa anatoa makosa ya ile tamthilia, kama wateja wangu.

"Anasema yule mwanamke alibeba sanduku. Hakuna aliyebeba sanduku. Wao, walipokimbia, walibeba sufuria."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Anasema kwenye sinema wanaongea njia nzima. Wao hawakuongea. Hata watoto walijua kunyamaza."

Bibi akaongeza maneno machache, bila kuinua macho. Bintiye hakutafsiri.

"Amesema nini, mama?"

Bintiye alikuwa ameshika ganda tupu mkononi. "Anasema alikuwa amembeba mdogo wake. Wa kiume. Hakuvuka naye." Akaliweka chini lile ganda, akanigeukia. "Mimi nimezaliwa kwake, nimekulia kwake, sijawahi kusikia kama nina mjomba."

Hakuna aliyelia. Nilitamani mmoja wetu alie, ningejua la kufanya. Tulipukuchua maharage wote watatu mpaka yakaisha, na nilipoaga bibi akanishika kiganja, akasema neno. Bintiye akanitafsiria: waendelee kuangalia, anataka kuona yule mwanamke anavyozeeka.

Wakaendelea mpaka mwisho. Hukumu ya bibi ililetwa dukani Jumamosi iliyofuata: tamthilia mbaya, watu wavivu, mwandishi hana akili. Ila yule mwanamke analia vizuri.

Siku hizi nikiulizwa kitu ambacho sijakiona nasema sijakiona. Wateja hawapendi. Wengine wameshahamia kwa jirani, yeye kila kitu kwake ni moto. Waliobaki bado wananimwagia maoni yao kuanzia nafungua mpaka nafunga, na bado nachoka. Ila kwa siku naangalia kipindi kimoja, viwili, nikipata nafasi.

Mama wa Katumba naye anakuja amechoka. Anasema bibi sasa hanyamazi. Anaanza asubuhi kwenye jembe, wanapalilia na yeye anasimulia, na wao wanatega sikio mpaka kazi inalala. Juzi bintiye alikuwa anasonga ugali, akaambiwa mjomba alipenda maziwa ya mgando na alikuwa mbishi wa kuoga. Ugali ukaungua, wakaula hivyo hivyo.