Nilipojifanya Mtawala wa Karambi

Nichekeni tu jamani, nilijitakia mwenyewe. Jumamosi iliyopita tulikwenda Bwera kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, wafanyabiashara kutoka Butembo, Kongo, watu waliosoma kwa Kifaransa. Nikaogopa wataniona fundi redio tu wa Kasese. Kwa hiyo nikasoma kwenye simu habari za makabaila wa Ufaransa ya kale: mtu alitawala kilima, akajiita kwa jina la kilima hicho, na uzao wake ukarithi jina pamoja na cheo. Bando likaisha hapo hapo. Nikaona yanatosha.

Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikanyoosha koti, nikatamka Kifaransa nilichokariri: mimi ni Masereka de Karambi, bwana wa kilima cha kijijini kwetu, cheo nimerithi kwa baba. Kaka zangu wawili, waliokaa nyuma yangu, hawajui Kifaransa hata chembe. Wakapiga makofi. Nami nikainamisha kichwa kama niliyezaliwa ngomeni.

Baba mkwe akageukia Kiswahili ili wote wasikie.

“Ku masomo ya mapadri tulisomaka hiyo mambo. Cheo ya baba inaendaka kwa mutoto wa kwanza, si ndiyo?”

“Ndiyo, papa! Wa kwanza peke yake!”

“Sasa weye, kwetu na kwenu jina inafuata kuzaliwa. Masereka ni mutoto wa tatu. Bakaka yako beko wapi?”

Nyuma yangu kaka zangu, Baluku wa kwanza na Bwambale wa pili, wakasimama pamoja, wakapunga mikono kwa furaha.