Namba Moja, Majina Mengi

Kazi yangu ni kuandika miongozo ya programu, na siku hizi nikiulizwa nafanya nini naona kinyaa kujibu. Nimepanga chumba mtaa wa Malangali, chumba chenye meza, jiko la mkaa na dirisha lisilozuia upepo wa Sumbawanga. Hapo ndipo nilipoandika, blanketi mabegani, mwongozo wa zana ya kutambua matapeli.

Zana hiyo haitumiwi na watu. Inatumiwa na mawakala wa akili mnemba, zile programu ambazo kampuni zimeziweka kujibu wateja badala ya makarani. Ukimwandikia wakala wa namna hiyo, kabla hajakujibu anaiuliza zana yetu: namba hii ikoje? Zana inasema salama, shaka, au hatari. Wakala hana aibu wala huruma, anafuata kilichoandikwa. Kilichoandikwa niliandika mimi.

Bosi wangu, aliyeko Dar es Salaam, alitaka mifano ya dalili za utapeli. Nikamtungia: "Namba moja ikiagiza kwa majina mengi, ihesabiwe hatari." Nikaongeza na hii, tena kwa raha zangu: "Mwenye namba asielezwe sababu, asije akajifunza kukwepa." Bosi akaisifu. Nami, mjinga mimi, nikairudia kuisoma kama barua ya uchumba.

Sasa, mimi nimelelewa kijijini Msanzi na shangazi yangu, katibu wa jumuiya yao ya kanisa. Simu yake ndiyo simu ya jumuiya. Asiye na simu anatoa namba ya shangazi hospitali, shuleni, hata kwa binti yake aliyeolewa Kipili. Ujumbe ukiingia, shangazi anaunakili kwenye daftari, na sala ikiisha anausoma. Habari kwamba nimechaguliwa kwenda sekondari niliipata hivyohivyo, watu wakinipigia makofi. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani siku naandika ule mfano, na hayakunijia hata kidogo.

Mwaka huu, kabla ya mvua, kampuni moja ya pembejeo, yenye wakala anayetumia zana yetu, ilianza kupokea maagizo ya mbolea kwa ujumbe wa simu. Shangazi akaagizia nyumba zote za jumuiya, jina kwa jina. Jibu likaja: "Maombi yamekataliwa. Namba hii ina dalili za utapeli. Hatuwezi kueleza zaidi."

Mwingine angeufuta. Shangazi aliunakili, na Jumamosi akausoma mbele ya wote, hakuruka neno. Kisha mmoja akauliza kama zile meseji za hospitali nazo alikuwa akizisoma zote. Mwenyekiti akamwomba daftari, eti kwa muda tu, mpaka mambo yaeleweke.

Aliponipigia kunisimulia, niliitambua sentensi yangu. Nikampigia bosi, nikamweleza kisa chote.

"Hao watakuwa wachache, kaka," akasema. "Tutaangalia toleo lijalo. Ila hicho kisa cha shangazi ni mfano mzuri sana wa namba ya kukataa, kiweke kwenye mwongozo. Badilisha namba tu."

Nilitamani kutema mate, ila sikujua nimtemee nani kwanza, yeye au mimi.

Nikaenda Msanzi. Shangazi nilimkuta uani akipepeta ulezi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kusimamisha ungo.

"Wewe umesoma," akasema. "Niulizie hao watu kosa langu nini. Nimejichunguza, silioni. Sasa kwa padri nikaungame nini?"

"Kosa ni majina mengi kwenye namba moja, shangazi."

"Si ndiyo kazi niliyopewa?"

"Ndiyo."

"Nani kasema huo ni utapeli?"

Ningeweza kusema ni mashine. Wenzangu wengi wanasema ni mashine, na usingizi wanaupata.

"Mimi," nikasema.

Aliweka ungo chini. Hakunitukana, na nilitamani sana anitukane. "Jumamosi utawaeleza wewe," akasema.

Nikawaeleza, na hawakuniamini. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba mtoto mwema humtetea aliyemlea. Shangazi akaniambia nitoe simu yangu, niyatume yale majina yote kwa namba yangu, waone. Nikatuma. Hatukusubiri sana. Nikausoma ujumbe kwa sauti: maombi yamekataliwa, namba hii ina dalili za utapeli, hatuwezi kueleza zaidi.

Mwenyekiti akasimama, akamrudishia shangazi daftari kwa mikono miwili, akamwomba radhi. Nilidhani tumemaliza.

Lakini wenye simu walikuwa wameshazitoa. Kila mmoja aliinama akaagiza kwa jina lake peke yake, na hakuna aliyethubutu kuongeza la jirani, asije naye akafungiwa. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuona watu wale wakizifunika simu zao kwa kiganja. Zana yangu haikukosea popote. Ilifanya kile nilichoiandikia.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alizunguka kwa mtu mmoja mmoja akiomba aagiziwe, akarudi mikono mitupu, akasimama mbele ya shangazi.

"Na sisi tusio na simu?" akamuuliza.

Shangazi alinigeukia mimi, na yule mama naye akanigeukia.